Mwalimu Aliyepima Watoto kwa Sikio

"Mama Ombeni, mi sikumbuki."

Hivyo ndivyo Mwalimu alivyoniambia, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia la sebule yake kule Richfield, Minnesota, saa tisa mchana, mwezi wa sita. Mezani, kati ya chupa ya chai na bakuli la karanga, kulikuwa na karatasi moja. Maneno yake yalikuwa machache, ya Kiingereza, yameandikwa na mtu wa timu ya mpira wa kikapu, zile timu kubwa zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Chini kulikuwa na mstari mtupu wa kutia sahihi. Mwalimu alitakiwa aseme jambo moja tu: kwamba Ombeni, mtoto wa marehemu dada yangu, aliandikishwa katika kambi ya wakimbizi akiwa ameongezewa miaka mitatu, na kwamba yeye ndiye aliyeshika kalamu. Zilikuwa zimebaki siku tisa timu zichague vijana wao wa mwaka ule.

"Hukumbuki nini?" nikamwuliza.

"Hiyo miaka. Watoto walikuwa wengi, Mama. Sikumbuki."

Mke wake akanyanyuka, akaenda jikoni, akafungua maji, wala sikusikia sahani hata moja ikioshwa. Ndege ikapita juu ya paa, kama zinavyopita pale kutwa, na Mwalimu akaingoja kama mtu anayengoja mwenzake amalize kusema. Kisha akanisogezea karanga.

Nikatoka nje. Ombeni alikuwa ndani ya gari, kiti amekisukuma nyuma mpaka mwisho na magoti bado yanagusa usukani. Akaniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa chote lakini ulimi wake ulishahamia huko: amesema nini?

"Amesema hakumbuki."

Mtoto akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Mwalimu? Mama, yule anakumbuka kila kitu." Akawasha gari. "Basi si kweli. Nina miaka ishirini na miwili kama karatasi zinavyosema. Tuache."

Mimi nimetembea siku kumi na moja porini. Dada yangu nilimwacha chini ya majani ya migomba, na mtoto wake wa wiki tatu nikamfunga kifuani. Wiki tatu, nasema, maana nilikuwepo alipozaliwa, mimi ndiye niliyeshika taa. Nimeona watu wakifanya mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini ile "basi si kweli" ya Ombeni, ndani ya gari, mbele ya nyumba ya Mwalimu, sijapata kitu cha kuipimia.

Sasa nirudi nyuma nimweleze huyu mtu, maana msipomjua hamtaelewa kwa nini neno lile kinywani mwake liliniua. Nilisoma mpaka darasa la tatu tu. Naandika kama ninavyosema.

Mwalimu alikuwa anakumbuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kuliko kufundisha. Angeweza kukusimamisha katikati ya duka, mfuko wa viazi mkononi, akakwambia: "Mama Ombeni, siku mlipofika kambini ulivaa kitenge cha njano chenye samaki, kimeungua upande mmoja." Na ni kweli, kiliungua. Alijua nani alisimama nyuma ya nani kwenye foleni ya unga. Alijua mechi ya shule yetu na vijana wa kijiji cha jirani iliishaje, nani alicheza na ndala moja, nani alilia. Wanafunzi wake wa mwaka wowote aliwataja kwa mpango wa alfabeti, na akifika kwa aliyekufa alinyamaza kidogo, halafu akaendelea.

Alitusahihisha Kiswahili sote, wakubwa kwa wadogo. Ukisema "batoto", yeye anasema "watoto" polepole, bila kukutazama, kama mtu anayeokota uzi kwenye nguo yako. Pasta Zihindula akihubiri, Mwalimu alikaa kiti cha pili akinong'ona: "Watu. Siyo batu." Watoto walikuja kanisani ili wamsikie yeye. Pasta alikuwa anakasirika, lakini Jumapili iliyofuata utamsikia anasema "watu".

Koti lake la kahawia hakulivua hata mwezi wa saba, joto linapofanya lami inate kwenye viatu. Nikamwambia siku moja, "Mwalimu, utapikika." Akajibu, "Nikilivua mtaniona ni mtu wa kusafisha sakafu." Na kazi yake ilikuwa hiyo hasa, kusafisha sakafu hospitalini Coon Rapids, na yeye ndiye aliyenipeleka mimi nikapata kazi ya kufua mashuka palepale. Mfukoni mwa koti alikuwa na chaki. Nchi hii haina hata ubao mmoja uliokuwa unamngoja, lakini chaki hakuiacha. Alichora viwanja vya mpira kwenye maegesho ya kanisa, kwenye sakafu ya chini tulipofanyia sherehe, na mara moja kwenye barabara ya watu, mpaka polisi akasimama kuuliza ni nini. Mwalimu akamweleza dakika ishirini. Polisi akaondoka anatikisa kichwa, na nadhani alikuwa amejifunza kitu.

Gari lake lilikuwa la milango ya kuteleza, na hakuliendesha kwenye barabara kuu hata siku moja. "Barabara ile ni ya watu wanaokimbia kitu," alisema. Kwa hiyo kutoka Richfield mpaka Coon Rapids tulipita vichochoro vyote vya mji, taa hadi taa, saa nzima na zaidi, na bado hatukuchelewa kazini, maana alituamsha mapema kuliko wote. Nimepanda gari lile miaka minne. Mazungumzo yalikuwa mamoja: mwili wa Ombeni.

Mtoto alikuwa mrefu mno na mwembamba mno. Huko chuoni walimwandika futi sita na inchi kumi, na mikono iliyonyooshwa ilizidi urefu wake kwa shibiri nzima. Lakini kiuno ungekizungusha kwa viganja viwili. Watu wote walikuwa na swali hilohilo: mtu mwembamba hivi ataweza kucheza na yale majitu? Na Mwalimu alikuwa na jibu lake, hilohilo kila siku.

"Mwembamba si mgonjwa. Mwembamba ni mtu ambaye bado anakuja."

Nakumbuka ubishi mmoja dukani kwa Bwana Omari, Mmombasa mmoja aliyekuwa anatuuzia nyama na unga wa ugali. Ombeni aliingia akiinama mlangoni, na Omari akaangua:

"Mwalimu wewe, kijana huyu mbona kama ufito! Upepo wa Januari hapa si utambeba?"

"Upepo unabeba vitu vipana, Omari. Wewe ndiye ujifunge kamba."

Watu wakacheka. Omari akalipiga tumbo lake. "Nasema kweli, mwalimu wangu. Jitu moja la kilo mia na ishirini likimkumba, atatoka yeye uwanjani, kiatu kibaki."

Hata Ombeni alicheka. Mwalimu hakucheka. Alitoa chaki akachora kwenye sakafu ya Omari, palepale mbele ya friji. "Akisimama hapa, nani anamfikia? Jitu lina nguvu, sawa. Mikono yake inaishia wapi? Hapa. Ya huyu je? Mpaka kule kwenye sukari yako."

"Na wakimsukuma?"

"Wanamsukuma sasa. Mpeni miaka mitatu. Tazama kifundo cha mkono, tazama kisigino. Huo ni msingi wa ghorofa, nyumba bado haijajengwa. Miaka mitatu tu."

"Na kama hanenepi? Kijana ana miaka ishirini huyu, mimi kwa ishirini nilikuwa nabeba magunia mawili."

"Atanenepa."

"Una uhakika gani?"

Hapo Mwalimu alinitazama. Mara moja, haraka, kisha akaifuta chaki kwa kiatu. Nililiona jicho lile. Siku hiyo Ombeni alikuwa na miaka kumi na saba kamili, na waliojua walikuwa wawili dukani mle.

Ngoja niseme ilivyokuwa.

Kwetu, mtoto asiye na cheti anapimwa kwa sikio. Unampitisha mkono wa kuume juu ya utosi, kichwa kimesimama wima. Vidole vikigusa sikio la kushoto, ametimiza saba, aingie darasa la kwanza. Visipogusa, arudi nyumbani mwaka mwingine. Wazee wetu walipimwa hivyo, na mimi pia. Kambini, ng'ambo ya ziwa, Mwalimu alikuwa anakaa kwenye boksi mlangoni mwa hema la shule, watoto wanapita mbele yake na mikono juu ya vichwa.

Ombeni vidole vyake havikugusa sikio. Vililipita, vikafika kwenye taya. Mwalimu akasimama akawaita wenzake: "Njooni muone mkono!" Wakaja walimu watatu, wakamgeuza mtoto huku na huku.

Nikasema, "Mwalimu, huyu ana minne."

"Mama, sikio halidanganyi." Akaandika saba.

Mimi nilifurahi. Shuleni kulikuwa na uji.

Miaka ikapita, wakaja watu wa orodha, wale wa kupeleka wakimbizi Amerika. Mwalimu akakaa mezani pao kama mkalimani, rejista ya shule mbele yake, na miaka ya watoto wote ikatoka mle. Zamu yetu ilipofika nikamwinamia nikamnong'oneza kwa lugha ya nyumbani: "Mwalimu, rekebisha pale. Huyu hajatimiza hata tisa." Akageuka akamtazama Ombeni, aliyekuwa nje anarusha mpira wa matambara kwenye pete ya ndoo aliyoifunga Mwalimu mwenyewe juu ya mti wa nguzo.

"Nikibadilisha mmoja watakataa rejista nzima," akaninong'oneza. "Na mtoto mkubwa kule ataingia skuli kubwa, atacheza mara moja. Mkono ule usingojeshwe, Mama."

Kisha akamgeukia mzungu, akasoma mwaka, na mwezi wa kwanza, na tarehe moja, kama walivyoandikwa wengi wetu. Nikaweka dole gumba.

Mara ya kwanza alikosea. Mara ya pili alichagua. Naomba mtofautishe, maana mimi nimechukua miaka mingi kutofautisha.

Lakini nikimsema hilo tu nitakuwa nimemwandika mtu mwingine. Mwaka wa kipindupindu, nilipokuwa nimelala katika uchafu wangu na jirani zangu wamefunga turubai zao, Mwalimu alinibeba mgongoni mpaka kwenye zahanati. Alinibeba akiwa na koti. Njiani alikuwa ananiuliza majedwali ya kuzidisha ili nisilale, na nilipokosea sita mara saba alisimama, mvua inanyesha, mpaka nikapata. Ombeni alilishwa nyumbani kwake siku zile zote. Ndiyo maana niliposikia "usingojeshwe" nilinyamaza. Ungemwambia nini mtu kama yule?

Basi tulifika Minnesota. Ombeni wa karatasi alikuwa na kumi na minne, na Ombeni wangu alikuwa na kumi na mmoja. Wakamweka na vijana wenye ndevu. Mwaka wa kwanza alilia bafuni, maji yakiwa wazi. Nesi wa skuli aliniletea barua tatu za uzito, kisha akanipigia simu na mkalimani katikati, anaulizia polepole kama nyumbani kuna chakula. Mimi! Niliyekuwa napika sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki wa chumvi, na uji wa karanga asubuhi na jioni, maana Mwalimu alileta karanga kwa gunia na kunisimamia sufuriani. "Ongeza. Ongeza. Hiyo ni ya mtu wa kawaida." Nilimwambia nesi, chakula kipo. Nikaona aibu kuliko wakati ambapo chakula hakikuwepo.

Jumamosi moja Mwalimu alimleta Ombeni chumba cha kufulia hospitalini, tumpime kwenye mizani ya mashuka. Mtoto akapanda na viatu, sindano ikapanda vizuri. Tukashangilia, mimi na Mfilipino mmoja wa zamu yangu. Mwalimu akasema, "Vua viatu. Tusijidanganye." Sindano ikashuka paundi mbili, na hizo za chini ndizo alizoziandika. Nilimtazama mtu huyu, anayekataa kudanganya uzito wa viatu. Nikataka kucheka, nikarudi kwenye mashuka yangu.

Chuoni Ombeni aliingia akiwa na kumi na mitano. Kocha wao, mzungu mmoja aitwaye Dale, alimwita "laini" mbele ya wenzake, kila wiki, miaka minne. Simsamehe Dale, ingawa Dale hakujua. Alimwona mwanamume wa miaka kumi na minane anayeanguka akiguswa. Hakumwona mtoto anayesukumwa na wanaume na kunyanyuka kila mara, muundi wa mguu umefungwa barafu. Mwaka wa nne ndipo alipoanza kufanya yale ya kushangaza, kuzuia mipira juu juu kama anafuta vumbi kabatini. Watu wa timu kubwa wakaja kutazama, kalamu mkononi. Wote walifurahia mikono, wote wakaogopa kiuno.

Hapo ndipo alipoingia Byamungu. Byamungu ni wa kanisa letu, muuza magari yaliyotumika, ulimi mwepesi, Kiingereza kizuri. Akajifanya msemaji wa Ombeni. Nikamwambia ukweli wa miaka, nikadhani ataufanyia kazi. Baadaye nikasikia alichowaambia.

"Niliwaambia ni mtu mzima, Mama. Ishirini na miwili, akili imetulia, siyo mtoto mtoto. Kwetu nani anampa mtoto kazi?"

Alidhani anamsifu. Kwetu umri ni sifa. Kwenye mchezo ule, umri ni hukumu, na Byamungu hakuuliza mtu.

Ikawa daktari wa timu moja ya mbali alimpiga Ombeni picha za mifupa, goti na kiganja, akashangaa. Mifupa bado ilikuwa inakua. Mtu wa timu akapiga simu nyumbani, na Ombeni alinitafsiria huku uso umegeukia dirishani. Yule mtu alisema wazi kabisa: "Kama ana kumi na tisa, tutamchukua na tutamngoja. Kama ana ishirini na miwili, basi tunachokiona ndicho kilichopo." Picha ya mfupa haikutosha, wala neno la mama; walitaka aliyeshika kalamu. Mtu huyo alikuwa mmoja tu duniani. Nikaenda Richfield na karatasi, nikapiga magoti. Yaliyofuata mmeshayasoma.

Nilichokuwa sijui siku ile, nilikijua baadaye kwa mke wa Mwalimu. Usiku wa kuamkia siku hiyo Pasta Zihindula alimwita Mwalimu kwake na wazee wengine wanne. "Ukitia sahihi," Pasta akamwambia, "umekiri kwamba rejista yako ina uongo. Nusu ya kanisa hili imetoka kwenye rejista hiyo, na serikali ikiifungua upya tutarudishwa." Sisemi hofu yao ilikuwa ya kubuni. Mwaka ule hata barua ya skuli ikifika watu waliogopa kuifungua. Waliulizana, mtoto mmoja acheze mpira, au jamaa wote walale usingizi? Wakapiga kura, ikapita kwamba asitie sahihi. Mimi sikuitwa. Ombeni hakuitwa. Mwalimu, mke wake aliniambia, kurudi nyumbani alipita barabara kuu.

Siku ya kuchagua wachezaji tulikaa sebuleni kwangu, jioni, jua bado liko juu. Majina yakasomwa yote. La Ombeni halikuwemo. Alikula sahani mbili, akaosha vyombo, akanishukuru kwa chakula, kwa Kiswahili. Hiyo shukrani ya Kiswahili ndiyo iliyonitisha.

Akapata nafasi kwenye timu ndogo, kaskazini, kwenye baridi zaidi ya hii yetu. Mwezi wa pili muundi ukavunjika. Akarudi na kiatu cha plastiki, na alipopona akaanza kazi ya kubeba maboksi ghalani huko Lakeville. Hazungumzii mpira. Ukiwashwa kwenye televisheni anatoka taratibu, kama mtu anayekwenda kuangalia gari.

Halafu mwili ulikuja.

Sijui niseme vipi. Mwaka mmoja na kidogo tangu waliomkataa wamkatae, mabega yakafunguka, shingo ikajaa, mapaja yakachana suruali. Mashati yote yakakataa vifungo. Sikupika tofauti. Alikuwa tu amefika umri wake. Kila asubuhi alipita jikoni kwangu, yule mwanamume ambaye watu wote walikuwa wanamtafuta, amevaa fulana ya kazi, anakwenda kubeba maboksi.

Nilimwona Mwalimu kwa karibu, mara ya mwisho, siku ya kuombea nyumba ya Byamungu, maana Byamungu alinunua nyumba Lakeville, gereji ya magari mawili. Ilikuwa majani yanaanguka. Mimi nilikwenda kwa sababu Ombeni alikuwa anatoka kazini karibu na pale na waliomba abebe viti. Mwalimu alikuwa amesimama gerejini na koti lake, amekonda yeye sasa. Ombeni akapita na viti sita, vitatu kila mkono, hata hapumui kwa nguvu.

"Amejaa," Mwalimu akasema.

"Amejaa."

"Nilisema. Sikusema?"

"Ulisema."

"Kilo ngapi sasa?"

"Mwalimu, huulizwi kilo. Unaulizwa miaka."

Akatazama barabara. "Mama Ombeni, waliomo ndani ya nyumba hii wote nimewaandika mimi. Mke wa huyu Byamungu nilimwandika kuwa ni dada yake ili wasitenganishwe. Ningefanya nini?"

Kwa hiyo alikuwa anakumbuka. Sikushangilia. Nilijisikia nimechoka tu.

"Karatasi imepita," nikamwambia. "Timu zimeshamsahau. Sitaki sahihi yako. Namwita hapa sasa hivi, umwambie kwa mdomo."

"Itamsaidia nini?"

"Anadhani alishindwa. Anadhani alikuwa mwanamume, akapambana na wanaume wenzake, akashindwa, basi. Mimi nikimwambia, anasema mama anamfariji mtoto wake. Wewe ukikana, anasema Mwalimu hasahau. Alikuwa mtoto! Miaka minne alisukumwa na wanaume akiwa mtoto, na hakukimbia. Hilo si jambo la mtu kulijua juu yake mwenyewe?"

Ombeni akarudi kuchukua viti vingine. "Jambo, Mwalimu," akasema, na akainamisha kichwa, maana malezi niliyompa bado anayo. Mwalimu akamshika kifundo cha mkono, akakigeuza juu, akakitazama. Midomo ikafunguka.

"Mwalimu!" Pasta Zihindula akaita toka ndani. "Tunakungoja wewe ufunge kwa maombi!"

Akauachia mkono. "Nakuja, Pasta."

Akaingia, akaomba vizuri sana, sentensi zote zimenyooka, hakuna hata neno moja la kusahihisha. Watu wakasema amina. Mimi nilibaki gerejini nimeshika mgongo wa kiti, na Ombeni akaniuliza kama naumwa.

Nimeandika haya ili yasomwe na watu wa kanisa letu, na wanaojua kusoma wawasomee wasiojua. Byamungu, ulitangaza umri wa mtoto baada ya kuambiwa ukweli na mama yake: jibu. Pasta Zihindula, uliweka kikao juu ya maisha ya mtu bila kumwita: jibu, na usijibu kwa mahubiri. Dale hasomi Kiswahili, yeye namwachia Mungu. Mimi niliyeweka dole gumba nimeshamwambia Ombeni kosa langu, na nimemwomba radhi, naye amenibusu kichwani na hakuniamini.

Umebaki wewe, Mwalimu. Ombeni hafanyi kazi Jumatatu. Njoo nyumbani kwangu, barabara unaijua, ni taa nne tu kutoka kwako. Usije na Pasta. Usimwambie mpira, usimwambie mabega, usimwambie rehema ya Mungu. Mwambie siku watu wa orodha walipouliza, na wewe ukamtazama akicheza, alikuwa na miaka mingapi. Sema namba yenyewe, yeye akiwa anakutazama.